Barua kwa mwanangu anayekwenda kula Idi Muscat

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, sisi huku nyumbani hatujambo, mgongo wa baba yako umetulia, na barua hii nakuandikia uisome kabla hujafunga sanduku, kwa sababu kwenye simu hunijibu "sawa mama" na maneno yakaishia hapo. Mama yako mdogo amefurahi mno kusikia kwamba utakula naye Idi ya Mfunguo Tatu, na kila akinipigia hunihesabia atakavyokupikia. Nimemsikiliza, nikamshukuru, na usiku usingizi ukanipaa.

Usidhani kwamba kwa kisukari chako ninaogopa chakula. Wali wa Muscat ni wali, na halua hata huku tunaijua. Ninachokiogopa ni saa ile baada ya chakula, utakapokuwa umekula kupita ulivyokusudia, ukaiona mashine ya kupimia sukari ndani ya mkoba, ukaamua kwamba ni afadhali usiiguse mpaka sikukuu ipite. Hilo ndilo lililonishikisha kalamu.

Daftari lako la Idi ya Mfunguo Mosi nililiona. Siku zote nne za sikukuu zilijazwa namba nzuri za sukari, 6.8, 7.1, 6.5, 7.0, kwa wino mmoja na mwandiko mmoja wa haraka, lakini mashine, ambayo huhifadhi kila kipimo pamoja na tarehe na saa yake, haikuwa na kitu tangu asubuhi ya Idi mosi. Nilinyamaza kwa kuwa kesho yake ulikuwa unapanda boti kurudi chuoni. Kisha kliniki wakakutoa damu ya kipimo kile kinachoonyesha wastani wa miezi miwili mitatu iliyopita, ikatoka asilimia 9.4, juu mno, nawe ukaniambia ni mitihani iliyokuchosha. Mwanangu, kipimo kile hakisomi daftari.

Nami najua kwamba mtu hazuki tu akaandika namba za kubuni. Anayesoma 15, sukari iliyopanda, huku mama yake amesimama mlangoni akimuuliza amekula nini, kabla ya kumuuliza kama ameshachoma sindano yake ya insulini ya kuishusha, hujifunza kutosoma. Kabati la vileja na halua halina kufuli tena; kufuli nimempa baba yako afungie sanduku lake la hati, ambalo miaka yote lilikuwa likifungwa kwa kamba.

Basi nikuombe hivi: ukila, pima. Ukila sana, pima zaidi. Namba 15 inakwambia uchome kiasi gani, unywe maji na upime tena baada ya muda gani. Haina neno lolote la kusema juu ya adabu yako wala dini yako wala malezi yako. Mashine iliyofungwa mkobani haiishushi sukari hata nukta moja, na wewe unalijua hilo kuliko mimi, kwani ndiye uliyemkalisha kitandani yule msichana wa mwaka wa kwanza hosteli kwenu ukamfundisha kuchoma sindano bila kulia. Mama yake alinipigia kunishukuru, nikajibu kana kwamba mimi ndiye niliyefanya kazi, na siku nzima nilitembea na furaha hiyo. Inakuwaje mtu amfundishe mwenzake kisha yeye mwenyewe ajifiche chooni na sahani ya tambi?

Ile tabia ya kujilipiza kwa njaa nayo uiache huku huku. Umekula halua leo, kesho unashinda bila kula huku sindano unachoma kiasi kile kile, halafu jioni mikono inakutetemeka na jasho linakutoka. Daktari wako wa kwanza alinieleza, siku zile ulipokuwa bado mtoto wa skuli, kwamba kabla insulini haijagunduliwa kule Toronto mwaka 1921, na kabla ya kijana wa miaka 14 kuchomwa sindano ya kwanza Januari 1922, watoto wenye ugonjwa huu walikuwa wakinyimwa chakula mpaka wakabaki mifupa, na bado walikufa. Njaa haikuwaponya wale, wala wewe haitakuponya.

Sasa kuhusu Muscat yenyewe, kwa kuwa mimi nimekula Idi kule na wewe hujawahi. Asubuhi watakuletea arsia, wali uliopondwa na nyama mpaka ukalainika kama bokoboko letu, na kwa ulaini wake utakula bakuli zima kabla hujajua umekula wali kiasi gani. Nyama ya shuwa, inayopakwa viungo ikafungwa kwa majani na kufukiwa katika tanuri la chini ya ardhi siku nzima au zaidi, kula kwa raha zako, kwani nyama haina sukari. Angalia wali inaowekwa juu yake. Mishikaki pia haina neno. Lakini samli ya kule ni nyingi, na samli huichelewesha sukari kuingia katika damu, kwa hiyo ukipima saa mbili baada ya kula unaweza kuona namba nzuri ukalala kwa furaha, nayo ikapanda usiku wa manane. Ndiyo maana nasema upime saa mbili baada ya kula na upime tena kabla ya kulala. Ukiikuta imepanda, usirundike sindano juu ya sindano kwa hofu; ile ya haraka huendelea kufanya kazi kwa muda wa kama saa nne, na ukiiongezea nyingine kabla haijamaliza, zitakuangusha mbili kwa pamoja ukiwa usingizini.

Halua ndiyo mtihani. Kule utaingia nyumba tano au sita kabla ya adhuhuri, na kila nyumba watakuwekea tende na halua yenye zafarani na maji ya waridi, pamoja na kahawa isiyotiwa sukari. Kahawa kunywa, na ukitosheka kitikise kikombe kidogo mkononi, watakuelewa wasikuongezee. Halua haina ishara kama hiyo; itakubidi useme kwa mdomo wako. Chagua nyumba moja, nakushauri iwe ya mama yako mdogo ili asinune, ukae, uweke kijiko chako, ule kwa utulivu mbele ya watu na uchome kwa kiasi hicho. Kinachokuumiza hakijawahi kuwa kile kijiko cha wazi. Ni vile vinne vya wima jikoni, ambavyo huvihesabu kwa sababu hukukaa.

Mama mdogo nimekwisha mweleza kwamba utapima na kuchoma mezani na asikutume chumbani kama mwenye kufanya haramu. Nimemweleza pia kwamba sukari ikishuka chini ya 4 akukorogee vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari katika maji, mngoje dakika 15, mpime tena. Yeye alisema atakupa halua, na nilimkatalia, kwa sababu ile samli hapo ni adui. Ikiwa imepanda kupita 14 nawe unatapika au tumbo linakuuma, uende hospitali saa hiyo hiyo, hata kama nyumba imejaa wageni na nyama ndiyo kwanza inafukuliwa, na ile sindano ya insulini inayofanya kazi siku nzima usiiache ati kwa kuwa huli.

Insulini isiingie katika sanduku kubwa. Chini ya ndege baridi inaweza kuigandisha, na iliyoganda hata ikiyeyuka haifai tena. Ibebe mkononi pamoja na barua ya kliniki, nayo barua uichukue wewe mwenyewe, usinipigie simu usiku wa safari. Joto la Muscat miezi hii hupita 40, usije ukaiacha garini hata mkiwa mnashuka dukani mara moja. Ambayo hujaifungua ikae kwenye friji, mbali na sehemu ya barafu. Saa za kule zimetutangulia kwa saa moja tu, hilo lisikubabaishe.

Pesa za vipande vya kupimia nimezituma mbali na za nauli, na makusudi nimezituma mara mbili ya unavyotumia, zisiishie kwenye baibui. Baibui lako fundi amelimaliza, ila mikono ameikata mirefu, nimemrudishia. Mbuzi wa Idi mwaka huu tunachanga na jirani, bei haishikiki. Bati la ukumbini linavuja tena pale pale.

Usiku wa Idi mosi, kabla hujalala, nitumie namba. Namba tupu, bila maelezo, bila "mama nisamehe". Iwe 6 au iwe 19, nitakujibu kwamba nimeipata, na sitauliza ulichokula. Idi pili vivyo hivyo, mpaka zitimie siku nne. Nikikosa namba nitampigia mama yako mdogo, na unamjua atakavyokuamsha.

Baba yako anakusalimu, na anasema usisahau halua yake ya zafarani, kilo moja. Iweke katika sanduku kubwa, maana mkobani mna insulini.

Wako mama