Rajabu, hao akina García sio ukoo mmoja

Rajabu ndugu yangu,

Za huko Muheza? Shemeji anaendeleaje na kijana mpya, na bi mkubwa presha imetulia? Mimi huku Valencia, Hispania, mzima namshukuru Mungu, kazi ni ileile ya kusambaza vifurushi, miguu ndo inalalamika ila riziki inapatikana. Hongera sana tena kwa mtoto, ile voisi yako nimeisikiliza zaidi ya mara moja, hasa pale anapolia nyuma.

Sasa nianze na swali lako la mpira maana najua ndo unalisubiri. Hapana, Joan García anayedaka Barcelona na Eric García beki wa hapohapo Barcelona sio ndugu, wala hawana udugu na Gonzalo García wa Real Madrid aliyefunga mabao kwenye Kombe la Dunia la Klabu 2025, wala na Luis García wetu wa Liverpool ile ya Istanbul 2005. Hata Luis Enrique kocha wa PSG ya Paris ukiandika jina lake lote ni Luis Enrique Martínez García, na hao nao sio kwao. García ndo jina linaloongoza Hispania nzima, watu zaidi ya milioni 1.4 wanalo kama jina la kwanza la ukoo (huku kila mtu ana mawili, la baba na la mama), yaani kila watu mia karibu watatu. Kwenye majengo ninayopeleka mizigo kuna visanduku vya barua pale mlangoni vimeandikwa majina, unakuta García López ghorofa ya pili, García Ruiz ya tatu kushoto, afu kuna mmoja García García, baba García na mama García na hawakuwa na undugu wowote kabla ya kuoana. Mimi siangalii García tena, naangalia lile la pili.

Ila kilichonifanya nikuandikie barua ndefu hivi badala ya kukujibu kwa voisi ni kwamba hili jina mwanzo halikuwa la ukoo kabisa, lilikuwa jina la mtu tu kama Rajabu au Shabani. Wanaolichimbua wanasema limetoka kwa Wabaski kule kaskazini, karibu na milima ya Pirenei, ila hawakubaliani, kuna wanaosema ni neno lao la dubu na wengine wanasema ni la kijana, na kwenye maandishi ya zamani limeandikwa Garsea. Cha maana ni wafalme wa Pamplona, ufalme wa zamani hukohuko kaskazini. Hebu soma hii taratibu: mwaka 905 alitawala Sancho Garcés, yaani Sancho mwana wa García. Akaja mwanae García Sánchez, García mwana wa Sancho. Akaja mwanae Sancho Garcés, akaja mwanae García Sánchez, akaja Sancho Garcés wa tatu, akaja García Sánchez wa tatu ambae alikufa vitani Atapuerca mwaka 1054 akipigana na ndugu yake wa damu. Rajabu, hii si ndo nyie! Wewe Rajabu Shabani, mzee Shabani Rajabu, babu alikuwa Rajabu Shabani, na huyu mtoto ni Shabani Rajabu. Mjukuu anachukua jina la babu, jina la baba linafuata nyuma, hivohivo miaka elfu moja iliyopita huku. Ile -ez unayoiona kwa wachezaji kibao kazi yake ni kama bin yetu, Fernández ni wa Fernando, Rodríguez wa Rodrigo, Martínez wa Martín. Wareno wao wanaandika -es, ndo maana wale Wagoa wa Zanzibar na Nairobi ni akina Fernandes na Rodrigues, babu zao walibatizwa na Wareno kule Goa, India. García yeye mara nyingi aliwekwa nyuma ya jina la mtoto hivohivo bila kuongezwa kitu, na kwa kuwa jina lilipendwa na wafalme basi na raia wakalipenda, likashuka mpaka falme za Castilla na León, kila kijiji kina García wake.

Afu yakaja madaftari. Mwisho wa karne ya 15 kardinali Cisneros akaagiza makanisa yaandike kila anayebatizwa, na mwaka 1563 Mtaguso wa Trento, ule mkutano mkuu wa maaskofu, ukataka rejista za ubatizo na ndoa kwa Wakatoliki wote. Kabla ya hapo, na hata baada, ndugu wa tumbo moja walikuwa wanaweza kubeba majina tofauti, mmoja la baba, mwingine la bibi mzaa mama, hakuna aliyeshangaa. Ila vitabu vikishaanza kufuatana baba kwa mwana, na urithi wa shamba unategemea karatasi, jina linaganda, na mwaka 1870 serikali ikapitisha sheria ya rejista ya kiraia, hapo ndo ikawa rasmi kila mtu majina mawili, la baba na la mama. Kwa hiyo mtu ambae babu yake aliitwa García siku karani alipofungua kitabu, vizazi vyote vilivyofuata wakabaki García hata kama hakuna tena mtoto anayeitwa hivyo kwa jina lake. Sio kwamba García mmoja alizaa sana, ni maelfu ya akina García wasiojuana walioandikwa sehemu tofauti.

Na likasafiri na meli. Mexico ni kati ya majina makubwa kabisa, na Marekani kwenye sensa ya 2010 lilikuwa la sita nchi nzima, nyuma ya Smith, Johnson, Williams, Brown na Jones. Ufilipino ndo ilinisikitisha, mwaka 1849 gavana wa Kihispania Narciso Clavería alitoa amri watu wapewe majina ya ukoo kutoka kwenye kitabu kilichopangwa kwa alfabeti, kuna miji waligawiwa kurasa mpaka karibu watu wote majina yao yanaanza na herufi moja. Hebu fikiria mtu anakuja Muheza anakwambia nyie wote chukueni majina ya ukurasa huu.

Kitu ninachowapenda Wahispania ni hilo jina la mama. Mwanamke akiolewa habadili jina, kama mama zetu tu wa pwani, na watoto wanabeba pande zote mbili. Yule mshairi García Lorca aliyeuawa 1936 baba yake alikuwa García na mama yake Lorca, na dunia nzima inamwita Lorca kwa sababu García haimtofautishi na mtu. Tangu 1999 wazazi wakikubaliana wanaweza kulitanguliza la mama, na tangu 2017 la baba halitangulii lenyewe tena, lazima wakubaliane.

Sasa na wewe. Umesema unakwenda kufuatilia cheti cha kuzaliwa na unataka uandike Shabani Rajabu Shabani, basi. Nakuomba kaka usiharakishe. Mimi huku nimeandikwa Salim Hamisi Mbwana, ofisi moja wakachukulia Hamisi ni ukoo wa baba na Mbwana ni ukoo wa mama, babu yangu mzaa baba ikabidi nimweleze kwa karani kwamba sio mama yangu, na bado kwenye kadi imebaki vilevile. Wanangu wakizaliwa huku watakuwa Hamisi milele, kama hao García. Zamani jina lilikuwa linatembea kila kizazi, halikuwa na shida. Siku hizi shule, NIDA, pasipoti, benki vyote vinafuata kile cheti cha kwanza, kwa hiyo utakachoandika wewe ndo wajukuu watakibeba. Nyie mnalo Semboja la mzee wa zamani kabisa, bibi alikuwa analitaja kila akianza hadithi, na kwenye karatasi zenu hakuna hata moja lilipo. Liweke pale mwisho. Shabani Rajabu wako wangapi Tanga peke yake?

Muulize mzee linavyoandikwa kabla hujajaza fomu, ni Semboja au Sembojo, mimi nasikia tofauti kwa watu tofauti. Na shemeji pia muulize ukoo wa kwao, angalau wewe ulijue uje umwambie mtoto.

Jumapili ntakupigia jioni baada ya kazi, usizime simu. Msalimie bi mkubwa, mwambie zile dawa nimempa mtu anakuja mwezi huu.

Nduguyo,
Salim