Mwanangu Riziki, moshi usikuzimikie mkononi

Mwanangu mpenzi Riziki,

Assalaam alaykum. Baada ya salamu, mimi mama yako ni mzima wa afya, na bibi yako anaendelea vizuri, alhamdulillah. Sasa anatembea mwenyewe mpaka barazani na kula anakula. Nitakuwepo hapa Unguja mpaka amalize dawa zake, kisha nitavuka kurudi huko Pemba.

Ujumbe wako wa sauti kuhusu kurina asali nimeupata. Kuchomwa na nyuki kupo, na shukuru Mungu mbuzi wa jirani hawakuwa wamefungwa pale karibu, kwa sababu mnyama aliyefungwa kamba hana pa kukimbilia, nao humchoma mpaka akafa. Lililonishughulisha ni pale uliposema moshi ulikata mkiwa mmeshafungua mzinga wa tatu, mkaona mmalizie hivyo hivyo. Hapo hapana kumalizia, mwanangu. Moshi ukikata, mzinga unafungwa. Rudisheni masega taratibu, msigonganishe mbao, mwende kando mkawashe upya. Wenzako wa kikundi wakikuharakisha, waambie mama kasema.

Sikwambii haya kwa uoga. Nyuki akichoma, mwiba unabaki mwilini mwako na unatoa harufu. Ukiinusa karibu utaijua, ni ya ndizi mbivu. Harufu hiyo ndiyo inayowaita wenzake waje wachome palepale. Moshi unawafanya wasiisikie vizuri, na wengi wao wanaingia ndani kujaza asali tumboni, maana kwao moshi ni dalili ya moto na huenda wakahama. Lakini hali hiyo haidumu. Watafiti waliopima vipapasio vya nyuki waliofukizwa waliona uwezo wa kuisikia harufu ile unarudi ndani ya dakika 10 hadi 20. Basi moshi uliowapa mlangoni ulipofika, wakati umo katikati ya mzinga ushawatoka, na wewe umeinama juu yao mikono imejaa masega. Ndiyo maana bomba la kufukizia moshi linatakiwa liwe hai tangu unapofungua mpaka unapofunika.

Kazi inaanza kwenye makumbi. Chukua yale ya chini ya minazi ya kisimani, yaliyopigwa na mvua za masika kisha yakakauka na jua, mepesi, ukiyabana yanakatika mkononi. Makumbi ya nazi iliyofuliwa jana usiyachukue hata ukiyaona makavu kwa nje, ndani yana maji, yatakutolea mvuke badala ya moshi. Wala usiguse yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya usumba, zile nyuzi za kusokotea kamba. Magunzi makavu ya mahindi yanafaa kuchanganya, yanashika moto muda mrefu. Magunia ya plastiki hapana, mbao zenye rangi hapana, na mafuta ya taa ya kuwashia hapana kabisa, kwa sababu asali inavuta harufu upesi na mnunuzi akionja mara moja harudi.

Yachambue kwa vidole mpaka mengine yawe nyuzi, mengine yaache mapande. Kunja majani makavu ya kuti, yawashe, yashushe ndani ya bomba mpaka yakae juu ya kile kibati cha chini chenye matundu, kisha bonyeza mvukuto polepole. Moto ukipanda, tia nyuzi kidogo. Bonyeza. Subiri mwali utokeze juu ya nyuzi ndipo utie tena. Watu wengi wanakosea hapa, wanajaza bomba zima mara moja na kufunika, moto unakosa pumzi kabla haujajijenga. Ukiona makaa mekundu yameshika chini, hapo sasa tia mapande, shindilia kwa kijiti, lakini usikaze mpaka hewa ikakosa njia. Juu kabisa weka ukoka mbichi ujaze kiganja, unapoza moshi na unazuia cheche. Funika.

Halafu liweke chini, liangalie tu. Nakuomba hapa usiwe na haraka. Vaa mabuti, funga wavu wa uso, wape wenzako ndoo, na bomba lenyewe liache bila kuligusa. Kama baada ya dakika 5 bado linatoa moshi wenyewe, nendeni. Kama limekatika, mwali ulikuwa wa juu juu, anza tena. Ni bora kuanza tena mara nne mkiwa kisimani kuliko mara moja mkiwa mbele ya mzinga ulio wazi.

Kabla ya kupuliza nyuki, jipulize nyuma ya kiganja. Moshi unaotakiwa ni mweupe, mzito na wa baridi. Ukikuunguza, unawaunguza na wao mbawa, na badala ya kutulia wanakasirika. Ongeza ukoka.

Sasa nikwambie hasa kilichokuzimikia, kwa jinsi ulivyonieleza. Ni pango. Moto unakula chini, makumbi ya juu yanabaki yameng'ang'ania kuta za bomba, katikati panakuwa patupu. Ukilifunua unaliona limejaa, unaridhika, unafunika. Ukibonyeza linatoa moshi mwembamba wa buluu, wenye moto, kisha cheche mbili tatu, kisha hakuna kitu. Ule moshi mwembamba ndio onyo lako. Ukiuona tu, simamisha kazi, fungua bomba, sukuma yote kwa kijiti mpaka yakalie makaa, ongeza mapande juu, bonyeza mpaka weupe urudi. Na usingoje uuone: kila ukimaliza sega moja, bonyeza mara mbili tatu hata kama nyuki wametulia, ili moto upate pumzi. Unapoliweka chini liweke wima. Ukililaza ubavu, hewa haipandi kutoka chini, na ukiligeukia limeshalala.

Mlangoni wape mara mbili tatu, subiri kidogo, kisha inua kifuniko uwape tena kwa chini. Usiwamwagie. Nyuki wetu hawa wakisumbuliwa sana huhama, na utakuta sanduku tupu na nondo wa nta. Akikuchoma mtu, kwangua mwiba kwa ukucha, usiubane kwa vidole, kisha papulizie moshi palepale ili ile harufu ifunikwe.

Mwende baada ya Alasiri, jua likiwa limepoa. Angalieni maji ya bahari kwanza, kwa sababu mizinga ya upande wa mikoko wakati wa bamvua, maji yakijaa sana, hamtaifikia mkiwa wakavu, na makumbi yakilowa kazi imeharibika. Yabebe kwenye mfuko uliofungwa. Na wewe nakujua: siku hiyo usitie asumini kichwani, nguo usizifukize udi, wala usivae buibui jeusi ndani ya koti. Harufu kali na rangi nyeusi zinawachokoza.

Mkimaliza, usimwage majivu ya moto penye makuti. Kaskazi ikivuma na kila kitu kimekauka, cheche moja inaweza kula shamba la mtu, na huko Makangale tuko karibu na msitu wa Ngezi. Ziba mdomo wa bomba kwa majani mabichi likose hewa, lirudishe nyumbani, kesho yake ulimwage shimoni na maji juu. Makumbi nusu yaliyobaki yameungua yahifadhi, ndiyo yatakayoshika moto upesi safari ijayo. Kwangua na yale masizi ya kunata kwenye kifuniko.

Mzinga wa tatu uacheni upumzike, msiufungue mpaka niwaambie. Ile miwili mingine endeleeni. Kibati cha chini cha bomba matundu yake yameziba kwa kutu, mwambie baba yako akukatie kingine kwa kopo la maziwa, atoboe kwa msumari, matundu mengi na madogo. Asali ya siku ile isiyozibwa nta iwekeni mbali na iliyoiva, itachacha.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na jirani mwambie namshukuru kwa kuwahamisha mbuzi.

Mama yako