Malalamiko ya kubadilishiwa basi la kukodi, safari ya Dodoma–Morogoro

Kamati ya Ziara ya Mafunzo,
Wanafunzi wa Kilimo,
Dodoma.

Meneja wa Uendeshaji,
Kampuni ya Mabasi ya Kukodi,
Dodoma.

Ndugu Meneja,

YAH: KUBADILISHIWA GARI BILA RIDHAA, NA UBOVU WA GARI LILILOLETWA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tunalalamikia gari mlilotuletea Ijumaa alfajiri kwa safari ya kwenda Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Mkataba unataja basi la viti 45, mbili kwa mbili, lenye mikanda, na namba ya usajili imeandikwa. Basi hilo tulilikagua kwenye yadi yenu kabla ya kulipa malipo ya awali na tukaridhika nalo. Lililofika getini ni basi dogo aina ya Costa, la viti 29, ukihesabu na vile vya kukunja. Msafara ulikuwa wa watu 33. Wanne wakakalishwa kwenye vigoda vya mbao karibu na mlango, maboksi ya sampuli za udongo yakapakatwa. Viti vya katikati vikishafunguliwa hakuna ujia tena. Likitokea la kutokea, aliyekaa nyuma hana pa kupita.

Shida yetu si Costa kwa kuwa ni Costa. Costa nzima inafika Morogoro vizuri. Shida ni kwamba aliyeamua kubadilisha gari hakujiuliza linapelekwa njia gani.

Njia yenyewe mnaijua. Ni kilomita 260 hivi. Kutoka Dodoma mpaka Kibaigwa na Pandambili gari halisumbuki sana, na ubovu mwingi hujificha hapo. Ukishaipita Gairo ndipo nchi inaporomoka kuelekea Magubike na Dumila. Dodoma iko kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi, Morogoro mita 500 hivi, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo inashukwa hapo. Wakati wa kwenda, kazi yote iko kwenye breki. Wakati wa kurudi, iko kwenye injini na rejeta. Gari lenye kasoro kwenye vitu hivyo linaweza kuzunguka mjini mwezi mzima bila mtu kugundua, kisha likaumbuka siku ya kwanza linapoivuka Gairo.

Na ndivyo ilivyokuwa. Baada ya Gairo dereva alitoa gia, gari likawa linashuka lenyewe. Alipoulizwa alisema dizeli amepimiwa na ikizidi inakatwa kwenye posho yake. Gia ikitolewa, injini hailishiki tena gari. Uzito wote unabebwa na breki. Lainingi, yaani vipande vya breki vinavyosuguana na ngoma ya gurudumu, zilipata moto mpaka harufu ya kuungua ikajaa ndani, halafu pedali ikaanza kuzama. Pedali haizami bure. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kadiri yanavyokaa, na yakishaingia maji huchemka mapema. Mvuke ukijaa kwenye mabomba, mguu unabana hewa badala ya kusukuma mafuta. Ndiyo maana hubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi, hata kama hayajapungua. Yaliyokuwa kwenye kichupa cha Costa hii yalikuwa meusi kama kahawa. Gari likaegeshwa breki zipoe, kisha likaendelea kushuka taratibu kwa gia ya tatu, kama lilivyotakiwa kushuka tangu mwanzo.

Hatutii chumvi. Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alipoteza maisha kwa ajali kwenye barabara hiihii, eneo la Dakawa, tarehe 12 Aprili 1984, akitokea Dodoma kwenda Dar es Salaam. Chuo tulichokuwa tunakwenda kinaitwa kwa jina lake. Inauma sana kuwapeleka vijana huko kwa gari ambalo breki zake haziaminiki.

Ratiba ilikuwa kufika saa 4:00 asubuhi. Tulifika saa 7 mchana. Wenyeji walitusubiri kwa uungwana mkubwa, lakini ilikuwa Ijumaa: kuna swala, na saa za kazi za serikali huisha saa 9:30 alasiri. Maabara ya udongo tuliiona haraka haraka, sampuli tulizobeba hazikupata muda wa kupimwa mbele ya wanafunzi, na mashamba ya mafunzo hatukuyafikia kabisa. Miadi ya namna hii huombwa kwa barua, ikapita kwa mkuu wa idara, ikapangiwa fundi wa maabara. Haipatikani tena kwa kupiga simu.

Jumamosi, wakati wa kurudi, injini ilichemka tukiwa tunapanda baada ya Magubike. Sababu zilionekana kwa macho. Mkanda wa feni ukiubonyeza kwa dole gumba katikati ya puli mbili unatakiwa uingie sentimita moja hivi. Huu uliingia zaidi ya tatu, na kingo zake zimechanikachanika. Mkanda ukiteleza, feni na pampu ya maji huzunguka polepole wakati ambapo injini inafanya kazi kubwa kuliko kawaida. Mpira wa mfuniko wa rejeta ulikuwa umekauka na kupasuka, hivyo presha haikai, na bila presha maji huchemka mapema. Ndani hapakuwa na kulanti, yaani dawa ya kupoozea injini, ni maji ya bomba yenye kutu. Kibaya zaidi, dereva alifungua mfuniko injini ikiwa bado inachemka, maji yakaruka. Ni bahati tu hakuungua usoni. Kisha akamimina maji ya baridi. Kwa utaratibu huo silinda hedi inapasuka, na hiyo ni hasara yenu wenyewe.

Tairi la ndani, nyuma kulia, lilikuwa kipara. Namba nne za mwisho ubavuni zilisomeka 1914, maana yake lilitengenezwa wiki ya 19 ya mwaka 2014. Tairi la akiba lilikuwepo, spana ya kufungulia nati haikuwepo. Mshale wa mtungi wa kuzimia moto ulikuwa kwenye nyekundu. Kasoro hizi tatu angeziona yeyote ambaye angelizunguka gari kwa dakika tano kabla halijatoka.

Picha za yote hayo, pamoja na nakala ya mkataba, tumeziambatanisha.

Tunadai mrudishe tofauti ya bei kati ya basi la viti 45 na Costa, kwa bei zenu zilizobandikwa ofisini, pamoja na fidia ya nusu ya kiasi kilichobaki kwa siku ya mafunzo iliyopotea. Tunataka pia maelezo ya maandishi: nani aliruhusu gari libadilishwe, na fomu ya ukaguzi wa Costa hiyo kabla ya safari iko wapi. Gari lenyewe lisipangiwe safari ya kuvuka Gairo mpaka mafuta ya breki yabadilishwe yote, lainingi zifunguliwe na kupimwa, rejeta isafishwe, na mkanda, mfuniko na tairi hilo viwe vipya.

Hatutaki dereva abebeshwe mzigo huu peke yake. Alikosea kutoa gia na kufungua mfuniko wa moto, na anahitaji kufundishwa. Lakini mwajiri anayempimia dereva dizeli ya kubana, kisha akamkata posho ikizidi, ndiye anayemfundisha kutoa gia mlimani. Utaratibu huo uondoeni.

Kwa vikundi vitakavyokuja kukodi, kwenye mkataba wenu kiongezwe kifungu kwamba gari halibadilishwi bila mteja kusaini, na kwamba gari mbadala litakaguliwa naye jioni ya siku inayotangulia. Tangu mwaka 2024 treni ya SGR inatufikisha Morogoro. Tulichagua basi kwa sababu ya mizigo na ya kuzunguka chuoni, na wengi bado wangechagua hivyo kama gari lingekuwa lile walilolikagua.

Tunasubiri majibu ya maandishi ndani ya siku 14. Nakala ya barua hii tumeipeleka LATRA (Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini), Dodoma, na Kikosi cha Usalama Barabarani.

Wenu,

Katibu,
Kwa niaba ya Kamati ya Ziara ya Mafunzo