Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Umoja wa Karakana

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati nawasilisha taarifa ya mwaka. Vikao vya kawaida vilifanyika, mafunzo ya huduma ya kwanza yalitolewa, vizimamoto vilikaguliwa na karakana zote zilitembelewa. Hayo mnayajua, hasa mliohudhuria.

Nije kwenye jambo linalosemwa zaidi pembeni kuliko kikaoni: uamuzi wa kusitisha ununuzi wa glavu na barakoa kwa fedha za chama na kununua makufuli, vibao vya tahadhari na vikingio vya mashine. Imevumishwa kwamba mwenyekiti amewavua mafundi vifaa kinga. Si kweli, na naomba katibu aandike hivyo.

Mpangilio wa kudhibiti vihatarishi si wangu. Kwanza unakiondoa kihatarishi chenyewe. Ikishindikana, unatafuta mbadala wenye madhara madogo. Kisha unakitenga na mtu kwa kikingio au kifyonza vumbi. Kisha unapanga zamu na maelekezo. Vifaa kinga huja mwisho. Sisi tulianzia mwisho tukaishia hapohapo. Barakoa ya vumbi huchuja chembe tu. Mvuke wa thina, yaani kiyeyusho cha rangi, unapita, na fundi rangi akishaivaa barakoa hujiona salama akakaa ndani muda mrefu zaidi. Glavu kwenye drili ya meza ni mbaya kuliko mkono mtupu: uzi wa glavu ukinaswa na keekee, ile ncha inayotoboa, mkono unafuata. Hata hivyo karatasi nyingi za tathmini ya vihatarishi tulizokusanya zilijazwa neno “glavu” kwenye safu ya udhibiti, mpaka kwa mashine zinazozunguka!

Mawe ya kunolea ya mashine nayo yamezua malalamiko. Kiegemeo cha kazi kisiwe mbali na jiwe zaidi ya milimita 3, na ulimi wa juu, yaani kipande cha kinga juu ya jiwe, usiwe mbali nalo zaidi ya milimita 6. Jiwe likilika pengo hupanuka, kipande cha chuma huchomoka na kujibana humo, na jiwe linaweza kupasuka. Marekebisho ni kuzima mashine, kulegeza bolti, kusogeza na kukaza. Kwa kazi hiyo wapo walioiandikia kamati kuomba bajeti.

Kuhusu makufuli ya kufungia swichi kuu wakati wa matengenezo, swichi ya kuwashia mashine haitoshi, maana mwenzako akiibonyeza mkono wako uko ndani. Wajulishe walio karibu, zima mashine, kata umeme kwenye swichi kuu, funga kufuli lako na utundike kibao chenye jina lako. Ufunguo ukae mfukoni mwako. Kisha toa nguvu iliyobaki: hewa kwenye tangi la kompresa, springi iliyokazwa, kapasita, mzigo ulioinuliwa. Mwisho jaribu kuwasha kabla hujagusa kitu. Mafundi wakiwa wawili, makufuli ni mawili. Hatua ya kutoa nguvu na ile ya kujaribu ndizo zinazorukwa, kwa sababu umeme ukishakatwa watu huona kazi imekwisha, ilhali tangi bado limejaa presha. Anayesema kufuli linachelewesha kazi ajitokeze aseme mbele ya mkutano.

Kipima kelele nilichokipigania kimefika. Kigezo chetu ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila ongezeko la desibeli 3 hupunguza muda wa kukaa kwenye kelele kwa nusu: 88 saa 4, 91 saa 2.

Sasa ada. Wanachama ni 64. Waliolipa yote ni 23, nusu ni 14, ambao hawajatoa chochote ni 27. Mkutano uliopitisha uamuzi wa glavu na makufuli ulihudhuriwa na 19, na wanaoupinga kwa sauti kubwa zaidi hawamo kwenye orodha ya mahudhurio wala ya walipaji. Kamati haiwezi kushauriana na viti vitupu.

Mwaka ujao tunatarajia, hali ikiruhusu, kutazama suala la mifumo ya kufyonza moshi wa kuchomelea na pengine kubadilisha thina tunazotumia. Mipango itaendelea kutafakariwa kadiri mfuko utakavyoruhusu.

Makufuli ambayo hayajachukuliwa yapo kwa katibu, kila moja na ufunguo wake. Atakayekuja aje na stakabadhi ya ada.

Mwenyekiti