Utingo, punguza besi: kuna abiria amezidiwa

Mhariri,

Mtu mwenye usonji (autism) anapoziba masikio ndani ya matatu, akaanza kujitikisa, kisha akapiga mayowe au akanyamaza ji, abiria husema hana adabu au ana mapepo. Si hivyo. Amezidiwa: sauti, mwanga, harufu na miguso vimemwingia kwa pamoja, na ubongo wake haujui kipi usikilize na kipi uache.

Mzigo huo hujikusanya tangu alfajiri. Honi za Muthurwa, taa ya tyubu inayopepesa ofisini, lebo ya shati inayokwaruza shingo, chakula cha mchana kilichorukwa. Kila kimoja ni kidogo, lakini jioni kwenye steji ya Tom Mboya kelele moja tu ya makanga hutosha kumwaga vyote. Kwa hiyo kazi kubwa hufanywa mapema. Wengi wetu wenye usonji hatuwezi kutaja hisia zetu kwa jina, na hapo nambari husaidia: sifuri nimetulia, tano nimelipuka. Ukifika tatu, shuka, hata kama umeshalipa nauli. Anayengoja nne huenda asiweze hata kutamka kwamba anataka kushuka.

Vizibo vya masikio vya sifongo hupatikana kwenye maduka ya dawa. Wanaosema havifai mara nyingi huviweka vibaya. Kiviringishe kizibo kwa vidole mpaka kiwe chembamba bila kunjo, pitisha mkono wa pili juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma, kisukume ndani, ukishikilie kwa sekunde 30 kinapotanuka. Kikibaki nusu nje, kelele nyingi hupita. Vitoe kabla ya kuvuka barabara. Wala usivivae kutwa nzima nyumbani penye utulivu, kwani masikio yakizoea ukimya hata mlio wa sufuria huanza kuumiza.

Beba pia kadi, maana ulimi hufunga: “Nina usonji. Nimezidiwa na kelele. Usinishike. Nipe dakika 20 mahali patulivu.”

Nanyi mlio karibu naye, tafadhali msimrundikie maswali. Sema sentensi moja fupi, kisha ungoje. Usimzuie kujitikisa wala kupunga mikono. Ndiyo njia yake ya kujituliza. Kumpapasa mgongoni polepole, jambo ambalo wengi hulifanya kwa huruma, huweza kumchoma zaidi. Wapo wanaotulia kwa mkandamizo, kama leso iliyokazwa mabegani au mkoba mzito mapajani, lakini hilo huulizwa siku akiwa mtulivu. Akishapoa mpe maji na umwache alale. Uchovu wake unaweza kuendelea hadi kesho yake, na mawaidha siku hiyo hayaingii.

Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia usafiri wa umma. Haki hiyo haina maana iwapo spika iko chini ya kiti chake na taa za rangi zinammulika usoni kutoka mjini hadi Kayole. Tunawaomba wenye magari na makanga mambo mawili: abiria akionyesha kadi, mpe kiti cha mbele kando ya dereva, na muziki ukizimwa, usiuwashe tena mpaka ashuke.

Mkazi wa Umoja,
Nairobi