Mitaa mipya ya Tabora iunganishwe tangu kwenye mchoro

Mhariri,

Tabora mjini, kwenye barabara za miembe, njia moja ikifungwa unakata kona na kushika nyingine. Pembezoni mambo ni mengine. Kila mwenye shamba anakata viwanja vyake na kuacha njia moja ya kuingilia, nayo inaishia kwenye ukuta wa jirani. Nyumba mbili zilizopeana migongo, hata mita 40 hazifiki, lakini bodaboda inazunguka kilomita nzima. Gari la taka hurudi kinyumenyume, likikubali kuingia.

Mchoro wa mtaa, yaani ramani ya njia na viwanja vyake, unapimika jinsi njia zinavyoungana kabla haujapitishwa. Makutano ya njia nne yapewe 4, ya njia tatu 3, ncha ya njia iliyoziba 1. Jumlisha, gawanya kwa idadi ya makutano na ncha hizo. Wastani ukiwa chini ya 2.5, kwa maoni yangu urudishwe mezani.

Penye ncha iliyoziba kiachwe kichochoro cha mita 3 cha miguu na baiskeli (bomba la maji nalo litapita hapo). Kiachwe kabla ya bikoni (alama za mipaka ya viwanja) kusimikwa. Ukuta ukishajengwa, mita hizo 3 zinadai fidia, na hapo ndipo halmashauri nyingi hukwama.

Mdau wa mipango miji,
Tabora