Vekta si zile namba mbili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie ufundishaji wa vekta, yaani kiasi chenye ukubwa na uelekeo, katika kidato cha nne, mada niliyoifundisha kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Juma lililopita mjukuu wangu alijumlisha vekta tatu mbele yangu bila kosa hata moja. Nilipomuuliza kama vekta hubadilika pale mihimili, yaani mistari ya kupimia, inapozungushwa, alijibu bila kusita kwamba hubadilika, kwa sababu namba zake hazibaki zile zile. Jibu hilo lilinisikitisha, maana linaonyesha kuwa amefundishwa kukokotoa vijenzi, yaani namba za vekta kwenye kila mhimili, bila kuelezwa ni vijenzi vya kitu gani.

Tuchukue ngalawa inayotoka Tanga kuelekea Pemba. Upepo unaisukuma mashariki kwa kilomita 4 kwa saa, na mkondo wa pwani yetu unaichukua kaskazini kwa kilomita 3 kwa saa. Wanafunzi wengi hukimbilia kusema kuwa kasi yake ni 7, ilhali pande hizo mbili zinakutana kwa pembe mraba, na kwa kanuni ya Pythagoras kasi yenyewe ni 5. Namba 4 na 3 ni vijenzi vya mwendo huo kwa anayepima kwa mashariki na kaskazini. Anayechagua kupima kwa kaskazini-mashariki na kusini-mashariki atapata takriban 4.95 na 0.71, na anayeulaza mhimili wake mmoja juu ya njia yenyewe ya ngalawa atapata 5 na 0. Kila mmoja akijumlisha miraba ya namba zake atapata 25 (wa pili kwa makadirio tu), kwa kuwa ngalawa ni ile ile na njia yake ni ile ile. Kilichobadilika ni mihimili tuliyoichagua sisi.

Neno lenyewe, ambalo mwanahisabati Hamilton wa Ireland aliliingiza katika hisabati katika karne ya 19, kwa Kilatini lina maana ya mbebaji, na maana hiyo ingewasaidia sana wanafunzi wetu: vekta ni ule mshale unaoibeba nukta kutoka hapa hadi pale, hata kabla hatujachora mhimili wowote.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu, kabla ya kuandika i na j, zile alama za pande za mihimili miwili, ubaoni, wachore kwanza mshale mtupu na kuwauliza wanafunzi urefu wake na uelekeo wake. Baadaye waweke juu yake mihimili ya kawaida, wasome vijenzi, waifute, waweke mingine iliyoinama, kisha wasome tena. Kazi hiyo haizidi kipindi kimoja, na haihitaji chochote zaidi ya chaki na rula.

Mwalimu mstaafu wa hisabati,
Tanga